Tulichangishana sita tukafungua chupa moja: Pavillon Rouge 2014, mvinyo wa pili wa Château Margaux

Mtanga_Mtoni (#1)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni deni. Kuna mdau aliwahi kuandika humu kwamba "mvinyo wa pili" wa mashamba makubwa ya Ufaransa ni makombo tu: wenye shamba wanakula nyama, sisi tunauziwa mifupa kwa bei ya nyama. Siku ile nilimjibu kwa mistari miwili na roho haikutulia. Sasa nimeonja, daftari ninalo hapa, naomba niseme kwa kirefu. Wasiotumia kileo wanivumilie, humu mna habari za kilimo na historia pia.

Mimi ni mpishi, nipo Bordeaux mwaka wa tisa. Kuishi hapa si kunywa majina makubwa. Château Margaux yenyewe, ya mavuno ya 2014, inapita euro 400 kwa chupa, na kwangu mimi hiyo ni kodi ya chumba. Mvinyo wa pili wa shamba hilohilo, unaoitwa Pavillon Rouge, tuliupata kwa euro 180. Tulikuwa watu sita wa jikoni, kila mmoja akatoa 30. Jumatatu mgahawa unafungwa, tukakaa mezani saa nane mchana. Wa saba alikuwa mzee jirani yangu, mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye maghala ya mvinyo huku Médoc, eneo la mashamba ya zabibu kaskazini mwa mji. Yeye hakutoa senti. Tulimwita atufundishe, na alitufundisha kweli.

Kwanza shamba. Margaux ni kijiji kilichopo ukingo wa kushoto wa mlango wa mto wa Gironde, kaskazini mwa mji wa Bordeaux. Ardhi yake ukiiona utasema hapa mtu amemwaga kifusi cha barabara: changarawe tupu iliyoletwa na mto zama na zama. Haishiki maji, mizizi inalazimika kwenda chini, na mawe yanatunza joto la mchana. Mahindi ungepanda pale ungelia njaa. Zabibu aina ya cabernet sauvignon zinapapenda mno. Thomas Jefferson alipopita Bordeaux mwaka 1787, kabla hajawa rais wa Marekani, aliitaja Margaux miongoni mwa mashamba manne bora. Mwaka 1855, kwa ajili ya Maonyesho ya Paris, Napoleon III alitaka mivinyo ya Ufaransa ipangwe, madalali wa Bordeaux wakaandika orodha ya madaraja matano kwa kufuata bei za sokoni. Daraja la kwanza walikuwemo wanne tu: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Mouton aliongezwa mwaka 1973. Orodha hiyo ndiyo inayotawala bei mpaka leo.

Nimewahi kusimama getini. Kuna njia iliyonyooka yenye miti mikubwa pande zote mbili, na mwisho wake jumba lenye nguzo kama hekalu, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na msanifu Louis Combes. Sikuingia. Nilisimama kama dakika kumi nikarudi kwenye basi.

Sasa hili jina Pavillon Rouge. Limetumika tangu mwaka 1908, ingawa desturi ya kutenga mvinyo wa pili pale shambani ilikuwepo hata kabla. Miaka ya 1930 likapotea kabisa. Halafu ikaja miaka ya 1970, bei za Bordeaux zikaporomoka, familia ya Ginestet iliyokuwa ikimiliki shamba ikashindwa kulibeba. Kampuni moja ya Marekani ikataka kulinunua, serikali ya Ufaransa ikakataa. Mwaka 1977 akauziwa André Mentzelopoulos, mzaliwa wa Ugiriki aliyetajirika Ufaransa kwa maduka ya vyakula. Huyu bwana alikuta shamba limechoka. Akachimba mifereji, akapanda mizabibu upya, akamwita Émile Peynaud, mtaalamu mkubwa wa mvinyo wa Bordeaux wakati ule. Na mwaka 1978 wakaurudisha Pavillon Rouge.

Hapo ndipo pa kutazama. Tajiri mpya, shamba limechoka, anahitaji hela, na moja ya mambo ya kwanza anayofanya ni kupunguza wingi wa mvinyo wake wa bei ya juu kabisa! Alichukua mapipa ambayo yangeweza kubandikwa jina la Château Margaux na kuuzwa, akayabandika jina dogo. Alifariki mwishoni mwa 1980, hakuona matunda yake yote. Binti yake Corinne, akiwa bado hajafika miaka 30, akaendeleza, na kuanzia 1983 akasaidiwa na Paul Pontallier, aliyekaa pale hadi kifo chake mwaka 2016.

Kwa hiyo mvinyo wa pili unazaliwa na ukali wa mtu kwa kazi yake mwenyewe. Huo ndio msimamo wangu, na nitautetea humu hadi mwisho.

Naenda kazini, habari ya kuonja naileta usiku.

Mama_Nazi (#2)

Asante kaka kwa darasa. Naomba nieleweshe kitu kimoja kwa lugha ya jikoni maana wewe ni mpishi. Huu mvinyo wa pili ndiyo kama tui la pili? Yaani zabibu zikikamuliwa mara ya kwanza inatoka Château Margaux, wakiongeza maji na kukamua tena inatoka hiyo ya euro 180?

Mtanga_Mtoni (#3)

Dada yangu, swali zuri sana, na nadhani nusu ya watu wanaouita makombo wana picha hiyohiyo kichwani. Jibu ni hapana. Maji hayaongezwi, na nazi yenyewe si moja.

Shamba kubwa la hapa limegawanywa vipande vingi. Kila kipande kina udongo wake, umri wake wa mizabibu, aina yake ya zabibu: cabernet sauvignon, merlot, cabernet franc, petit verdot. Zabibu za kila kipande zinachachushwa kwenye pipa lake kubwa peke yake. Baada ya mwaka mpya, mwezi wa kwanza au wa pili, wakubwa wa shamba wanakaa mezani na vichupa vya sampuli na kuonja pipa moja moja. Hili linaingia mvinyo wa kwanza, lile la pili. Mara nyingi mizabibu michanga, au kipande chenye udongo unaoshika maji zaidi, huangukia kwenye pili. Lakini halali hapo milele: mizabibu ikikomaa inaweza kupanda daraja.

Na tui la pili lipo hapa, ila linakwenda kinyume na letu! Mvinyo ukishachacha, wanafungua bomba chini, unaotiririka wenyewe wanauita mvinyo wa tone. Machicha yanayobaki, yaani maganda na kokwa, yanakamuliwa, na unaotoka hapo ni mvinyo wa mkamuo. Badala ya kuwa mwepesi kama tui la pili, ni mzito, mweusi, una ukakasi wa kuvuta mashavu. Kiasi kidogo chake huchanganywa kuupa mvinyo mgongo. Nilivuna wiki mbili msimu wa 2019 kwenye shamba jingine la Médoc, nikaonjeshwa. Kijiko kimoja kilinitosha.

Kama unataka mfano wa nyumbani, chukua kahawa ya Kilimanjaro. Mbuni ni uleule, lakini kuna AA, kuna A, kuna B. Nani kakwambia B ni machicha?

Mtanga_Mtoni (#4)

Haya, kuonja.

Mzee aliifungua chupa saa moja kabla. Hakutaka kuumimina kwenye jagi pana. Alisema mvinyo wa miaka hii unatosha kupumua kwenye glasi kubwa, ukiukimbiza sana unauchosha. Aliishika chupa kwa mlalo, taa ya simu nyuma ya shingo, mashapo yasije yakaingia. Joto la mvinyo lilikuwa kama nyuzi 17. Chumba chenyewe kilikuwa 22, ikabidi tuiweke kwenye ndoo ya maji baridi kidogo.

Rangi ni ya zambarau iliyoiva kabisa, na pembeni mwa glasi wekundu umeanza kuelekea kwenye tofali. Mwenye umri wake, lakini hajazeeka.

Dakika kumi za kwanza sikunusa cha maana. Mbao tu na kitu kama ngozi ya kiatu kipya. Nikaanza kuhesabu euro 30 zangu. Mzee akasema weka chini, kula mkate kwanza. Niliporudi, glasi ilikuwa nyingine: zambarau, forosadi, halafu harufu ya maua, waridi lililokauka lililowekwa ndani ya kasha la mwerezi. Huku wanasema Margaux inajulikana kwa harufu hiyo ya maua kuliko jirani zake Pauillac na Saint-Julien, nami miaka yote nilidhani ni maneno ya wauzaji. Chini yake tumbaku ambayo haijawashwa, na ule udongo wa mvua ya kwanza baada ya kiangazi.

Mdomoni ndipo nilipofurahi. Walioonja mabibo ya korosho wanaujua ukakasi, ule unaokausha ulimi. Mvinyo mwekundu wowote mzuri wa Bordeaux unao, unatoka kwenye maganda na kokwa. Swali ni ukakasi wa aina gani. Huu ulikuwa kama unga uliochekechwa mara mbili, hakuna chenga. Unashika fizi taratibu, unaachia. Uchachu upo na ndio unaokuita urudie funda. Nilihesabu: ladha ilibaki zaidi ya sekunde kumi na tano baada ya kumeza.

Kasoro ipo, na nilimwambia mzee. Katikati, kati ya kuingia na kumeza, kuna mahali panapwaya. Unaanza vizuri, unamaliza vizuri, pale katikati kuna upungufu wa nyama. Akatabasamu, akasema hapo ndipo mvinyo wa kwanza ulipo. Mwaka wa tatu wangu hapa nilionjeshwa funda moja la Château Margaux 2004, chupa ambayo mteja alibakiza. Mwaka si huo, kwa hiyo silinganishi kwa mizani, ila naikumbuka ile katikati. Ilikuwa imejaa pande zote.

Mavuno ya 2014 yana hadithi yake. Mwezi wa saba na wa nane jua liligoma, watu wakakata tamaa. Mwezi wa tisa ukaja mkavu na wa jua, ukaendelea hadi wa kumi, na cabernet ambazo huiva mwisho zikanusurika vizuri. Nadhani ndiyo maana uchachu wake una uhai hivi. Ni mwaka wa subira.

Chakula: nyama ya mbavu ya ng'ombe iliyochomwa juu ya moto wa matawi makavu ya mizabibu, ndivyo wanavyochoma huku. Moto wake ni mkali na wa haraka. Ilikwenda vizuri mno, mafuta ya nyama yanaulainisha ukakasi. Nami nilipika pilau ya mbuzi, karafuu nikapunguza, mdalasini kidogo. Ilipatana kuliko nilivyotegemea. Tulipoweka kachumbari yenye pilipili tukauharibu: pilipili inaamsha moto wa kileo na ukakasi unageuka uchungu. Kama una chupa ya namna hii, pilipili iweke kando.

Kipima_Maji (#5)

Mkuu umeandika vizuri, lakini hujajibu hoja ya msingi. Euro 180! Kwa hela hiyo mtu anapata mvinyo wa KWANZA wa shamba lingine la madaraja yale yale ya 1855, tena chupa mbili. Kwa nini nilipe jina la mdogo wake Margaux wakati naweza kulipa mkubwa wa nyumba nyingine? Hapo ndipo neno makombo linapotokea. Siyo ubora, ni bei.

Mtanga_Mtoni (#6)

Mkuu, hapa umenibana na sehemu kubwa nakubaliana na wewe.

Ni kweli. Léoville Barton ya Saint-Julien, daraja la pili la 1855, shamba ambalo familia moja yenye asili ya Ireland inalo tangu 1826, unaipata chini ya nusu ya hela ile, mvinyo wa kwanza kabisa. Na ningeambiwa nichague chupa ya kuweka ndani kila mwaka, ningechukua hiyo. Jina la Margaux linalipiwa, sifichi.

Ninachokataa ni kuchanganya mambo mawili. Bei kubwa ni lawama ya soko. Makombo ni lawama ya kilichomo ndani ya chupa, na ndani ya chupa hakuna makombo. Tazama hesabu yao: siku hizi kinachoingia Château Margaux chenyewe ni kama theluthi na ushei ya mavuno, basi. Tena kuanzia mavuno ya 2009 kuna mvinyo wa tatu, unaitwa Margaux du Château Margaux, na kinachobaki baada ya huo kinauzwa kwa jumla bila jina la shamba. Kwa hiyo Pavillon Rouge ya leo nayo imepembuliwa. Pipa ambalo miaka ya 1980 lingekuwa Pavillon, leo huenda likashushwa. Na pipa ambalo wakati ule lingeingia mvinyo wa kwanza, leo huenda lipo ndani ya chupa tuliyokunywa sisi wapishi sita.

Kuna faida nyingine. Mvinyo wa kwanza wa shamba lile unataka miaka 20, 30. Nani ana ghala? Wa pili unakaa muda mfupi zaidi kwenye mapipa, na mapipa yake ya mbao mpya ni machache, unafunguka mapema. Tumeukuta umeiva.

Wanaotaka kujua ladha ya mvinyo wa pili bila kuuza mbuzi, tafuteni wa mashamba ya madaraja ya chini kwa bei: La Réserve de Léoville Barton, Les Fiefs de Lagrange, Echo de Lynch-Bages. Haya majina ya juu, Les Forts de Latour, Carruades de Lafite, Le Petit Mouton, bei zake zimekimbia.

Ba_Kivu (#7)

Mimi ndiye Mkongomani wa ile meza, wa Bukavu. Ndugu yangu amesema mazuri lakini mie sikupenda sana. Harufu, ndiyo, ilikuwa nzuri kabisa. Mdomoni niliona inakauka, nikasema kwa euro 30 yangu ningependa kitu chenye kunikumbatia zaidi. Mzee aliniambia mie ni mtu wa merlot, niende ng'ambo ya mto, Pomerol na Saint-Émilion, kule udongo ni wa mfinyanzi zaidi na mvinyo ni laini. Pengine ni kweli. Pilau ilikuwa ya haki.

Mtanga_Mtoni (#8)

Ba Kivu, karibu uzini. Nilitaka kukuandikia hilo lakini nikasema mwenyewe utasema. Wakuu, sikilizeni na yeye. Tulikuwa watu saba, watatu walivutiwa sana, wawili wakasema nzuri basi, Ba Kivu na Mreno walitaka kitu kinene zaidi.

Mkulima_Hombolo (#9)

Nasoma kimya tangu asubuhi. Mimi nina ekari mbili za zabibu huku Dodoma, Makutupora nyekundu na chenin blanc kidogo. Tunavuna mara mbili kwa mwaka. Zikiiva napeleka kiwandani, zinapimwa sukari, zinamwagwa pamoja na za wenzangu kumi. Zabibu za kwenye kichanga na za bondeni zote chombo kimoja. Hii habari ya kila kipande pipa lake imeniingia sana. Je, wao wanajuaje kipande kipi ni bora? Kwa vipimo au kwa kuonja?

Mtanga_Mtoni (#10)

Shikamoo mzee wangu, kama ni mzee, maana sijui umri. Heshima yako.

Vipimo wanavyo: sukari, uchachu, wanachimba mashimo kutazama mizizi imefika wapi. Lakini jirani yangu anasema hukumu ya mwisho ni ulimi na kumbukumbu. Wana madaftari ya kila kipande miaka kwa miaka. Kipande kikitoa mvinyo mzuri mwaka wa mvua na mwaka wa jua, basi ndicho. Wao wanavuna mara moja, mwezi wa tisa hadi wa kumi, kwa hiyo kila kosa linasubiri miezi kumi na miwili kurekebishwa. Nyinyi mna mavuno mawili, maana yake mnaweza kujifunza mara mbili kwa mwaka.

Ningekuwa mimi, msimu ujao ningetenga ndoo chache za kichanga na ndoo chache za bondeni, nikazichachusha kwenye madumu safi mbalimbali, zabibu zilezile, siku ileile. Halafu nionje miezi mitatu baadaye. Hakuna gharama kubwa hapo. Ukifanya hivyo, tafadhali rudi humu utuambie. Nitasoma kwa hamu kuliko ninavyosoma habari za Margaux.

Mkulima_Hombolo (#11)

Marahaba. Nina miaka 61. Madumu ninayo, nitafanya.

Msoma_Usiku (#12)

Kwa wanaopenda historia: Friedrich Engels, rafiki yake Karl Marx, aliwahi kujaza dodoso la maswali ya kirafiki la binti wa Marx mwaka 1868. Penye swali la furaha ni nini kwake, aliandika Château Margaux 1848. Mwaka wa mapinduzi ya Ulaya!

Swali langu kwa mleta uzi: nikiletewa chupa ya hivi Dar, joto hili, naitunzaje?

Mtanga_Mtoni (#13)

Iweke ilale, kizibo kisikauke, mahali penye giza. Joto la nyuzi 30 kwa miezi litaupika. Kama huna chumba chenye ubaridi wa kudumu, droo ya chini ya friji ni bora kuliko juu ya kabati, ila usiiache miaka. Mivinyo hii ukiletewa, inywe mwaka huohuo na watu unaowapenda. Siku ya kunywa itoe kwenye friji nusu saa kabla.

Jambo la mapishi nisilisahau, nimeulizwa PM. Ndiyo, mayai hutumika. Mvinyo ukiwa kwenye pipa la lita 225, desturi ya hapa ni kupiga ute wa mayai kama matano au sita na kuumimina ndani. Ute unashuka polepole ukivuta chembechembe na ukakasi mkali kwenda chini, kisha mvinyo safi unahamishwa. Château Margaux bado wanafanya hivyo kwa mayai mabichi. Viini vinavyobaki, watu wa Bordeaux wanasema ndivyo vilivyozaa vikeki vyao vya canelé, vyeusi nje na laini ndani. Tulimalizia navyo siku ile.

Mama_Nazi (#14)

Kaka, mlimaliza chupa yote siku ileile?

Mtanga_Mtoni (#15)

Watu saba kwa chupa ya mililita 750, dada, ni kama glasi ndogo ndogo tu. Lakini mzee aliamuru tubakize vidole viwili chini ya chupa, bila mashapo, tukarudisha kizibo na kuiweka kwenye friji. Kesho yake usiku baada ya kazi nikaigawa na Ba Kivu.

Harufu ya mbao ilikuwa imeondoka. Waridi limebaki, limepungua. Pale katikati palipokuwa panapwaya palikuwa pamejaa kidogo, sijui ni hewa au ni mimi nilikuwa nimetulia. Ba Kivu alinusa mara tatu, akanywa, akanyamaza, kisha akaniuliza kama duka lile bado lina chupa nyingine. Zimebaki mbili.